David Gottlieb: Maisha ya Mtengenezaji Kati ya Ujuzi na Bahati

Utangulizi

Kila jamii ina mpaka wake kati ya mchezo na kamari, na aghalabu mpaka huo ni mgumu kuuona kuliko mpaka wa nchi. Katika eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, kuanzia Garissa hadi Wajir na Mandera, suala hili lina uzito wa pekee. Wakazi wengi wa huko ni Waislamu, na Uislamu umeharamisha maisiri, yaani kamari, kwa uwazi. Hata hivyo, dini hiyo hiyo haikufunga mlango wa mashindano. Wanazuoni wa fiqhi waliruhusu zawadi katika mbio za farasi, mbio za ngamia na ulengaji wa mishale, kwa kuwa humo mshindi hutegemea mazoezi na ujuzi wenye manufaa.

Kadhalika, Wasomali wa eneo hilo wamerithishana mchezo wa shax. Miraba mitatu huchorwa mchangani, mmoja ndani ya mwingine, yakapatikana makutano 24, na kila mchezaji huwa na vijiwe 12 vya kupanga na kusogeza. Apangaye vijiwe vitatu katika mstari mmoja hupata haki ya kuondoa kijiwe cha mwenzake. Hakuna dadu wala karata. Anayeshindwa katika shax hana wa kumlaumu ila fikira zake, sawa na anayeshindwa katika bao la Waswahili. Maadamu hakuna dau lililowekwa, ni vigumu kuuita mchezo wa namna hiyo kamari.

Ugumu huanza pale ambapo mchezo unatiwa ndani ya sanduku, sanduku likapewa tundu la kumeza sarafu, na mwenye sanduku akawa si miongoni mwa wachezaji. Je, anayetia sarafu hiyo ananunua burudani au anaweka dau? Mtu ambaye maisha yake yalizungukwa na swali hilo ni David Gottlieb, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1974. Yeye ndiye aliyeufanya mchezo wa gololi na pini kuwa bidhaa ya kiwandani iliyoenea Marekani nzima. Kwa Kiswahili mchezo huu waweza kuitwa pinboli kwa kutohoa, au mchezo wa gololi na pini kwa kuufafanua. Makala haya yanafuatilia maisha ya mtengenezaji huyo, na namna swali la ujuzi na bahati lilivyomwandama hata baada ya kufa kwake.

Asili ya mchezo

Gottlieb hakuuvumbua mchezo huu. Chimbuko lake ni meza za Ufaransa za karne ya 18. Inasimuliwa kwamba mwaka 1777, katika kasri la Bagatelle karibu na Paris, ndugu wa Mfalme Louis wa 16 alimwandalia mfalme na malkia karamu ambamo meza ya mchezo mpya iliwafurahisha wageni. Mchezaji alisukuma mipira kwa fimbo juu ya meza iliyoinama kidogo, ikapita kati ya pini na kutumbukia katika vishimo vyenye thamani tofauti. Mchezo ukachukua jina la kasri na kuvuka bahari hadi Marekani.

Hatua ya pili ilichukuliwa na Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia mji wa Cincinnati katika jimbo la Ohio. Mwaka 1871 alipata hataza ya maboresho ya mchezo wa bagatelle. Aliiondoa fimbo na kuweka mahali pake kisukumio chenye springi. Mchezaji alikivuta kisukumio, akakiachia, nayo gololi ikarushwa hadi juu ya ubao na kuanza kuteremka. Meza ilipungua ukubwa, mipira mikubwa ikawa gololi, na mchezo ukaweza kuwekwa juu ya kaunta ya duka. Tangu hapo kazi ya mkono ilikuwa moja tu, nayo ni kupima nguvu ya kuvuta springi. Gololi ikishatoka, mchezaji hubaki kutazama. Katika badiliko hilo dogo la kiufundi ndimo ulimofichika mgogoro uliozuka miaka 60 baadaye.

Kutoka Milwaukee hadi Chicago

David Gottlieb alizaliwa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Ujana wake aliutumia katika biashara ya burudani kwa watu wa kawaida. Alijihusisha na filamu na michezo ya maonyesho, akazunguka katika miji ya Texas iliyochipuka kwa ajili ya mafuta, mahali ambapo wanaume waliolipwa ujira mwishoni mwa wiki walikuwa na sarafu mfukoni na mambo machache ya kuzifanyia. Huko alijifunza somo ambalo vitabu vya uchumi havikumfundisha, kwamba mtu mwenye fedha kidogo hatoi fedha nyingi kwa starehe, bali hutoa kidogo mara nyingi.

Mwaka 1927 alianzisha kampuni yake, D. Gottlieb & Co., katika jiji la Chicago. Uchaguzi wa jiji haukuwa wa kubahatisha. Chicago ilikuwa makutano ya njia za reli, na ilikuwa na mafundi wa mbao, wa chuma na wa nyaya waliozoea kazi za viwandani. Mzigo uliotoka kiwandani humo uliweza kufika pwani ya mashariki au ya magharibi bila usumbufu mkubwa. Miongoni mwa bidhaa zake za awali ilikuwa mashine ya kupima nguvu za mkono. Mteja alitia sarafu, akashika vishikio na kuvibana, nao mshale ukamwonyesha yeye na marafiki zake kama ana nguvu au majigambo tu.

Baffle Ball na mdororo wa uchumi

Oktoba 1929 soko la hisa la New York liliporomoka, na dunia ikaingia katika mdororo mkubwa wa uchumi. Kufikia mwaka 1933 takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Mtu angedhani kwamba biashara ya burudani ingekuwa ya kwanza kufa, lakini mambo yalikwenda kinyume. Burudani za gharama kubwa zilidhoofika, ilhali za bei nafuu zilipata wateja wapya.

Mwaka 1931 michezo kadhaa ya gololi ya kutia sarafu ilitokea kwa karibu wakati mmoja. Katika mji wa Youngstown, Ohio, kulitengenezwa mchezo ulioitwa Whiffle. Gottlieb mwenyewe alianza kwa kutengeneza mchezo ulioitwa Bingo, kwa makubaliano na kampuni ndogo iliyokuwa nao. Mwishoni mwa mwaka huo akatoa wa kwake, Baffle Ball. Ulikuwa sanduku la mbao la kukaa juu ya kaunta, lenye kioo juu, pini zilizopigiliwa kwenye ubao na vikombe vya alama. Haukutumia umeme wala haukuhesabu alama, kwani mchezaji alijumlisha mwenyewe. Kwa senti moja ya Marekani, mteja alipata gololi kadhaa za kurusha.

Thamani ya senti hiyo inaeleweka vyema ikilinganishwa na fedha zilizotumika Kenya ya wakati huo. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilikwenda sambamba na ile ya Uingereza. Kwa hesabu hiyo, senti moja ya Marekani ilikaribia thamani ya ile sarafu ya senti 5 yenye tundu katikati, ambayo wazee wa Garissa na wa pwani waliifahamu vizuri. Kwa hiyo lililouzwa Chicago lilikuwa dakika chache za kujisahau kwa bei ambayo hata asiye na kazi aliweza kuimudu.

Bei ya mashine nzima ilikuwa dola 17.50. Hapa ndipo ulipokuwa ustadi wa biashara wa Gottlieb. Mtu aliyefukuzwa kazi, akiwa na akiba ndogo, aliweza kununua mashine moja, akaiweka katika duka la dawa, kwa kinyozi au katika mkahawa, kisha mapato yakagawanywa kati yake na mwenye duka. Mashine ikishindwa kurudisha bei yake mahali fulani, ilibebwa na kupelekwa kwingine. Maelfu ya watu walijipatia riziki kwa njia hiyo, na zaidi ya mashine 50,000 za Baffle Ball ziliuzwa. Kiwanda kilizidiwa na maagizo.

Washindani na wabunifu

Kuzidiwa huko kulimzalia Gottlieb mshindani mkubwa. Raymond Moloney, aliyekuwa akisambaza mashine za Gottlieb, alichoka kungoja mzigo usiotosha. Mwaka 1932 akatoa mchezo wake mwenyewe, Ballyhoo, uliopewa jina la jarida la vichekesho lililokuwa maarufu wakati huo. Nao uliuzwa kwa makumi ya maelfu, na kutokana na jina hilo ikazaliwa kampuni ya Bally. Makampuni mengine mengi yakachipuka Chicago, kila moja likiiga, kuboresha na kuiba mawazo ya jirani. Mengi yalikufa ndani ya miaka miwili au mitatu, kwani mchezo uliochangamsha watu Januari ulikuwa umechosha kufikia Juni.

Miongoni mwa wabunifu wa kizazi hicho, Harry Williams anastahili kutajwa kwa sababu kazi yake iligusa kiini cha tatizo. Wachezaji walikuwa wamegundua kwamba wakiinua au kuipiga mashine, gololi ingeelekea walikotaka. Williams alibuni kifaa cha kutambua mtikiso uliozidi kiasi na kuusimamisha mchezo. Baadaye kifaa hicho kilipata umbo la timazi inayoning'inia ndani ya pete, ambayo ikigusa pete mchezo huharibika. Cha kuzingatia ni kwamba kifaa hakikukataza mtikiso wote. Mchezaji hodari alijifunza kuisukuma mashine kidogo tu, bila kuvuka kiwango. Kwa namna hiyo mkono ulianza kurudishiwa kazi ambayo Redgrave aliuondolea. Mwaka 1933 Williams alitoa pia mchezo wa Contact uliotumia betri, ambamo gololi iliyoingia katika tundu fulani ilirushwa tena nje kwa nguvu ya umeme huku kengele ikilia.

Sarafu, zawadi na tuhuma

Mashine za mwanzo hazikutoa chochote isipokuwa alama. Lakini wenye maduka walikuwa na njia zao. Mteja aliyefikisha alama fulani alipewa sigara, peremende au fedha taslimu kutoka kwenye droo. Muda si mrefu watengenezaji wakaanza kuunda mashine zilizotema sarafu zenyewe. Kampuni ya Gottlieb nayo haikujitenga, kwani katikati ya miaka ya 1930 ilitengeneza baadhi ya mashine za aina hiyo kama walivyofanya majirani zake. Ukweli huu haufai kufichwa na yeyote anayetaka kumsimulia mtu huyu kwa haki. Mikono yake ilikuwa ndani ya chungu kile kile ambacho baadaye alitaka kujitenga nacho.

Tofauti yake na baadhi ya wenzake ilikuja kuonekana baadaye, na ilitokana na matokeo ya biashara hiyo. Mashine iliyotoa fedha iliwavuta watoto wa shule waliotumia senti za chakula, na wahalifu waliotaka mgawo wa mapato. Miji ikaanza kutunga sheria. Los Angeles ilipiga marufuku mashine hizi mwaka 1939. Hata Chicago, kitovu cha viwanda vyenyewe, iliishi miongo kadhaa chini ya marufuku, hivi kwamba wafanyakazi wa Gottlieb waliunda kwa saa za mchana kitu ambacho jioni hawakuruhusiwa kukicheza katika mikahawa ya jiji lao.

Pigo lililovuma kuliko yote lilitokea New York mnamo Januari 1942. Meya Fiorello La Guardia alishikilia kwamba mashine hizi ni kamari inayowapora watoto. Polisi walizikusanya kwa maelfu, na meya mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Wakati huo Marekani ilikuwa imeingia katika Vita vya Pili vya Dunia wiki chache tu kabla, na chuma na shaba zilihitajika kwa silaha. Mwaka huo huo utengenezaji wa mashine za burudani ulisimamishwa, na viwanda vya Chicago, kikiwemo cha Gottlieb, vikaelekezwa kwenye kazi za vita.

Hoja ya La Guardia haikuwa ya kipuuzi. Katika mashine za wakati huo mchezaji alivuta springi, akatikisa kidogo, na mengine yakabaki kwa pini na mvutano wa ardhi. Kama angepelekewa mashine hiyo kadhi wa Garissa, akaelezwa kwamba mtu hutia senti kwa matumaini ya kupata zaidi ya senti, na kwamba mkono wake hauamui matokeo, hukumu ingekuwa nyepesi. Gottlieb aliyetaka kuendelea na kazi yake kwa heshima hakuweza kuishinda hoja hiyo kwa maneno. Ilibidi mashine yenyewe ibadilike.

Humpty Dumpty

Badiliko hilo lilifika mwaka 1947, nalo lilitoka katika kiwanda chake. Mbunifu wake, Harry Mabs, alitengeneza mchezo uliopewa jina la Humpty Dumpty, yule mhusika wa wimbo wa watoto wa Kiingereza anayeanguka kutoka ukutani. Ubavuni mwa sanduku, kulia na kushoto, kuliwekwa vitufe. Mchezaji alipobonyeza kitufe, sumaku-umeme zilichezesha vibao vidogo, vitatu kila upande, vikaipiga gololi na kuirudisha juu. Vibao hivyo ndivyo viitwavyo flipa. Mashine 6,500 za mchezo huo ziliuzwa.

Ni rahisi kudharau uzito wa vibao hivyo. Kabla yake, kuteremka kwa gololi kulikuwa kama maji ya mvua juu ya paa, yanayofuata njia iliyokwisha kuwekwa. Baada yake, mchezaji aliweza kuingilia kati tena na tena. Aliweza kuchagua wakati wa kupiga na, kwa mazoezi, mahali pa kulenga. Anayecheza leo kwa mara ya kwanza hupoteza gololi yake kwa sekunde chache, naye aliyezoea huiweka hai kwa dakika kadhaa. Tofauti hiyo ya matokeo kati ya mjuzi na asiyejua ndiyo kipimo cha ujuzi katika mchezo wowote, uwe shax, bao au ulengaji wa mishale.

Kampuni iliendelea na mfululizo wa michezo yenye majina ya hadithi za kale, mmojawapo ukiwa Ali Baba wa mwaka 1948, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kupitia masimulizi ya Alfu Lela Ulela. Ushindani nao haukulala. Mwaka huo huo Steve Kordek wa kampuni ya Genco alitumia flipa mbili tu na kuziweka chini kabisa mwa ubao, karibu na shimo ambamo gololi hupotelea. Mpangilio huo ulikuwa nafuu na mtamu zaidi, ukawa msingi wa mashine zilizofuata, zikiwemo za Gottlieb.

Kujitenga na dau

Baada ya vita njia ziligawanyika. Kuanzia mwaka 1951 kampuni za Bally na United zilipata faida kubwa kutokana na mashine zilizofuata mfumo wa bingo, zisizo na flipa, ambazo wachezaji walizitumia kwa kamari. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mashine za pinboli zinazotumiwa kulipa washindi fedha zihesabiwe kuwa vyombo vya kamari kwa mujibu wa sheria ya kodi. Kampuni ya Gottlieb ilijikita katika mashine za flipa zisizotoa fedha. Ilikuwa na wabunifu kama Wayne Neyens na mchoraji Roy Parker, ambaye picha zake za rangi kali zilizitambulisha mashine hizo kutoka mbali.

Hata hapo sheria haikuridhika. Mashine zilimzawadia mshindi nafasi ya kucheza tena bila malipo, na baadhi ya majimbo yalisema kwamba mchezo wa bure nao ni kitu chenye thamani, hivyo ni zawadi ya kamari. Jibu la kampuni lilitoka mwaka 1960 katika mchezo ulioitwa Flipper. Badala ya mchezo mwingine wa bure, aliyefanya vizuri aliongezewa gololi ndani ya mchezo ule ule alioulipia. Hakuondoka na kitu, wala hakuacha kitu nyuma cha kuuzwa kwa mwingine. Faida ya ujuzi wake ilikuwa kucheza kwa muda mrefu zaidi. Kwa hila hiyo ya kisheria, ambayo pia ilikuwa fikra nzuri kuhusu maana ya mchezo, mashine zake ziliweza kuingia mahali zilikokuwa zimefungiwa mlango.

Nje ya kiwanda, familia ya Gottlieb ilitumia sehemu ya mali yake kwa huduma ya jamii. Hospitali ya Gottlieb Memorial katika mji wa Melrose Park, magharibi mwa Chicago, ilifunguliwa mwaka 1961 kwa juhudi za David na ndugu zake. Mwanawe, Alvin, aliingia katika kampuni na kuendeleza kazi ya baba. Ni jambo la kutafakari kwamba senti zilizomezwa na masanduku ya mbao wakati wa njaa zilichangia kuta ambamo wagonjwa walitibiwa. Wapo watakaoliona hilo kuwa sadaka njema, na wapo watakaouliza senti hizo zilitoka mfukoni mwa nani.

Hukumu iliyochelewa

David Gottlieb alifariki mwaka 1974. Mwaka uo huo Mahakama ya Juu ya California iliibatilisha marufuku ya Los Angeles, ikikubali kwamba mchezo wa flipa hutawaliwa zaidi na ujuzi kuliko bahati. Lakini New York, ambako nyundo zilianzia, ilikuwa bado haijalegeza msimamo.

Ilipofika mwaka 1976 halmashauri ya jiji hilo iliketi kulizungumzia suala upya. Kijana mmoja mwandishi, Roger Sharpe, aliitwa kuonyesha kwamba mchezaji anaweza kuitawala gololi. Mashine aliyoitumia ilikuwa Bank Shot, iliyotengenezwa na kampuni ya Gottlieb. Mbele ya wajumbe Sharpe alitaja njia ambayo gololi ingepita, akavuta kisukumio, nayo gololi ikapita hapo hapo. Marufuku ya miaka 34 ikaondolewa. Kinachoshangaza ni kwamba tendo lililowatosha wajumbe halikuwa la flipa bali la springi, sehemu ile ile ya Redgrave ambayo ilidhaniwa haina ujuzi wowote. Mkono uliofundishwa vyema ulikuwa na uwezo hata hapo.

Kampuni yenyewe haikudumu mikononi mwa familia. Muda mfupi baada ya kifo cha mwasisi ilinunuliwa na Columbia Pictures, kampuni ya filamu, na michezo ya kompyuta ikaanza kuwanyang'anya watengenezaji wa gololi wateja wao. Jina la Gottlieb liliendelea kutumiwa na warithi wa biashara hiyo hadi mwaka 1996, kiwanda cha mwisho kilipofungwa.

Hitimisho

Maisha ya Gottlieb yana la kusema kwa Kenya. Nchi hii ilitunga sheria yake ya kamari, bahati nasibu na michezo ya kubahatisha mwaka 1966, ikiwa changa bado. Katika miaka ya 2010 mashine za kumeza sarafu za shilingi 20 zilienea katika miji na vijiji, zikawekwa madukani kwa mpango ule ule wa Baffle Ball wa kugawana mapato na mwenye duka. Serikali ilizikamata na kuziteketeza hadharani, kama alivyofanya La Guardia, na kwa sababu zile zile, kwamba zinawapora watoto na vijana wasio na kazi.

Kufanana huko kusimfanye mtu aone kila sanduku lenye tundu la sarafu kuwa ni lile lile. Mashine zilizoteketezwa Kenya zilikuwa zimeundwa ili mchezaji asiwe na la kufanya baada ya kutia sarafu yake, na ili amali pekee iliyobaki iwe kutia nyingine. Gottlieb alianza karibu na mahali hapo. Alichofanya katika miaka 30 iliyofuata ni kusogea hatua kwa hatua. Aliweka kitufe kwenye ubavu wa sanduku, akaondoa fedha katika matokeo, kisha akaondoa hata mchezo wa bure, hadi mchezaji akabaki na gololi, vibao viwili na wepesi wa vidole vyake.

Mwalimu wa madrasa mjini Garissa na hakimu wa mahakama ya nchi wanaweza kutofautiana katika mengi, lakini maswali ya kuuliza mbele ya mashine kama hizi ni mamoja. Je, aliyezoea hushinda zaidi ya asiyezoea? Je, kinachomsubiri mshindi ni fedha au ni mchezo wenyewe? Na je, mwenye sanduku anafaidika mchezaji akijifunza, au anafaidika tu akipoteza? David Gottlieb alifia katikati ya kesi, wakati maswali hayo yalikuwa yamejibiwa California na hayajajibiwa New York. Ushahidi wake aliuacha kiwandani, ukiwa umetengenezwa kwa mbao, kioo na chuma, nao ndio uliosikilizwa miaka miwili baadaye.